Dai Lililotimiza Miaka Kumi na Minane

Haya niliyoyaona katika nchi ya Tulizana nitayaeleza kwa mtindo uleule nilioutumia miaka thelathini na mmoja nikiwa karani wa mahakama: nani alisema nini, na nani akamjibu. Sitapamba. Ila niseme mapema kwamba niliingia kule nikinung'unika, nikatoka na shukrani ambazo mpaka leo sijazimaliza. Anayetaka taarifa ya mtu asiye na upande atafute karani mwingine.

Jinsi nilivyofika haina maana. Nilifika na homa, nikaanguka langoni mwa mji, na nilipofumbua macho siku ya tatu nilikuwa hospitalini juu ya shuka jeupe lililonukia jua. Nilikuwa nimetapika, nimetokwa jasho, na nimekichafua kitanda kwa namna ambayo mtu mzima hapendi kuisimulia. Lakini kila asubuhi nilijikuta juu ya shuka safi. Hakuna aliyenikunjia uso, hakuna aliyenitajia. Nikilikumbuka shuka lile, mimi ambaye watoto wangu wananiita mzee mkavu, navua miwani na kuifuta.

Siku ya kumi nikaambiwa nimepona. Nikavaa viatu vyangu nikaelekea nje, muuguzi akanizuia mlangoni.

“Mzee, hujashukuru.”

“Nimeshukuru jana na juzi. Ahsanteni sana.”

“Hiyo ni ya mdomoni. Rudi ndani, nikueleze.”

Akanieleza sheria ambayo sijaisikia kwingine. Watu wa Tulizana wanaiita shukrani ya kufunga. Aliyehudumiwa humpelekea aliyemhudumia kikombe cha chai. Wanaketi wote wawili, wanakunywa mpaka chini, wanapeana mikono na kusema, “Tumeachana kwa wema.” Basi, huduma imefungwa. Aliyehudumiwa hadai tena, na mhudumu hana ruhusa ya kuendelea kumshika. Ukishamfungia daktari shukrani, hata akikumbuka sindano aliyoisahau, hawezi kukurudisha kitandani. Na mgonjwa ambaye hajamfungia kila aliyemhudumia hapewi karatasi ya kutoka, na bila karatasi hiyo lango la mji halifunguliwi.

Nikaona ni utaratibu wa ajabu lakini wa adabu. Asubuhi ile nilikunywa vikombe saba: daktari, wauguzi wanne, mpishi, na mama anayepiga deki. Tumbo likawa linacheza kama mtungi. Amebaki mmoja, wakaniambia. Dobi.

Chumba cha madobi kilikuwa nyuma ya hospitali, chini ya paa la bati, na mapipa ya maji ya moto na kamba za kuanikia mpaka ukutani. Mkubwa wao alikuwa Bi Sikudhani, mama wa makamo, mfupi, ambaye mikono yake ilikuwa imepasukapasuka vifundoni kwa sabuni na dawa ya madoa. Nilimkuta yeye na mwenzake wanakamua shuka, huyu kashika huku, yule kule.

“Nimekuja kukufungia shukrani,” nikasema, nimeshika birika.

“Ahsante, baba. Lakini leo sishukuriki.”

“Kwa nini?”

“Shukrani inataka mtu aketi. Mimi nikimaliza zamu ya asubuhi, saa tisa naingia zamu ya pili. Jaribu Ijumaa.”

Nikaja Ijumaa, anaanika. Nikaja Jumanne, anachemsha. Hasira zangu haziko mbali, kwa hiyo nikamwambia wazi kwamba mimi ni karani mstaafu mwenye nyumba yangu na kuku wangu, na siwezi kuzeekea nchi ya watu kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai. Akaweka ndoo chini akanitazama bila ubaya.

“Mzee Karani, pole. Lakini wako wagonjwa kumi na wanne kabla yako wanaosubiri kunishukuru. Mmoja ameshaoa hapahapa.”

Nikaona aibu. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kidogo kwa nini asifanye zamu moja kama binadamu wengine.

“Mshahara wa zamu moja hautoshi kula,” akasema. Halafu, akiendelea kufikicha kola ya vazi la daktari, akanieleza lililokuwa likimkosesha raha. Mama yake, Bibi Mwanakheri, hana magoti tena; akiachwa peke yake alasiri anajaribu kusimama, anaanguka. Kwa hiyo anakaa kwa binamu, mji wa Kingo, mwendo wa siku mbili. Sasa mtoto wa binamu anaoa na chumba kinatakiwa. Mwisho wa mwezi ujao bibi atapelekwa kwenye nyumba ya wazee ya serikali. “Na ameshanitumia salamu,” Bi Sikudhani akasema. “Kwamba wakimpeleka huko atageukia ukutani na hatageuka tena. Namjua mama. Akisema anafanya. Ningekuwa na zamu moja, saa tisa niko nyumbani, naye yuko nami.”

“Na hamjaomba mkubwa yeyote awaongezee?”

Akajinyoosha. Kwa mara ya kwanza niliona meno yake. “Tuna dai,” akasema. “Linaitwa Zamu Moja Itoshe. Mwezi ujao linatimiza miaka kumi na minane.”

Alivyolitaja ungedhani ni mtoto wake wa kwanza.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kulibadilishia mashuka, nikamsindikiza. Najua mnashangaa, na mimi nilishangaa. Katika Tulizana kila dai la mishahara likishapokewa na Baraza hupelekwa Nyumba ya Madai, jengo zuri kuliko hospitali, lenye bustani. Mle ndani madai yamelazwa kwa umri. Machanga yako kwenye vitanda vya watoto, yale makubwa yana vyumba vyao. Dai la wafagiaji lilikuwa na miaka tisa. La wachimba makaburi, ishirini na mbili. Lilikuwa limeanza kupauka kingo, na mtumishi alikuwa akilipepea. La madobi lilikuwa karatasi moja, maandishi ya mkono, limelala katikati ya kitanda cha sita kwa sita na mto chini yake.

Bi Sikudhani akatandua shuka, akatandika jingine, akachomekea pembe nne barabara. Akalirudisha dai lake katikati, akalipapasa.

“Wewe ndiye unayelifulia?” nikauliza.

“Nani mwingine?” akasema. “Ni letu.”

Sasa mimi, kwa kazi niliyofanya, nikiona dai la miaka kumi na minane halijaamuliwa, nauliza swali moja tu: nani analipinga? Nikaamua kumtafuta mpinzani. Nilidhani itanichukua asubuhi moja, ikanichukua siku nne.

Nilianza na Mganga Mkuu wa hospitali, maana yeye ndiye mwajiri. Alinyanyuka kitini niliposema neno dobi. “Naliunga mkono tangu lilipozaliwa,” akasema. Akanionyesha beji yake, yenye picha ya shuka kwenye kamba. Nikaenda kwa Mhazini. Huyu alikuwa na beji kumi na saba kifuani, upande mmoja, mpaka bega lake moja likawa chini kuliko lingine. Akanihakikishia kwamba fungu la kulipia dai hilo lilitengwa tangu mwaka wa tatu, wala hakuna aliyekuja kulichukua. Nikaenda kwa Jumbe Mkuu wa mji. Akatokwa machozi. Sitanii, na hayakuwa ya uongo; alitoa leso akaniambia hawezi kulala vizuri akiwafikiria akina mama wale, na kwamba anatumaini nitakuja kwenye sherehe.

“Sherehe gani?”

“Ya kuzaliwa kwa dai. Miaka kumi na minane si mchezo.”

Nikatoka pale nimechoka akili. Katika nchi yangu nimeona watu wakinyimwa haki na maadui. Sikuwa nimeona watu wananyimwa na marafiki watupu.

Mlezi wa dai lile, yaani mjumbe wa Baraza anayelisimamia, alikuwa Mheshimiwa Salehe Mkanga, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ijumaa alikuja pale uani kwa madobi, mikono ya shati imekunjwa, na wapiga picha wawili nyuma yake. Kila Ijumaa, miaka kumi na minane, alifua shuka moja. Analisugua, anakamua, anapigwa picha, na akishaondoka akina mama wanalifua upya, kwa sababu hajui kusuuza. Nilicheka kimoyomoyo. Lakini halafu nikamwona anauliza habari za kila mtu kwa jina. Alijua mtoto wa nani anaumwa sikio. Alimwuliza Bi Sikudhani kama salamu za Kingo zimefika. Mumewe Bi Sikudhani alipofariki, huyu bwana ndiye aliyebeba jeneza mbele, na sanda alinunua yeye. Wote walinieleza, na kila aliyeeleza alikuwa na shukrani ya kweli machoni. Ikanivurugia chuki yangu yote.

Nikamfuata mpaka kwenye gari. “Mheshimiwa, dai hili linakwama wapi?”

“Halikwami,” akasema kwa upole. “Linakua.”

Nikaona watu hawatanisaidia, niende kwenye karatasi. Karani wa Baraza, Bwana Hemedi Tunda, alinipokea kama makarani wanavyopokeana duniani kote, yaani kwa kulalamikia rafu za kuwekea majalada. Nikamwomba sheria ya madai. Akaipangusa vumbi. Ilikuwa na vifungu vitatu, na ninavikumbuka. Cha kwanza: dai lisilo na mlezi ndani ya Baraza halisikilizwi, linatupwa. Cha pili: dai litapigiwa kura siku yoyote ambayo mlezi wake ataliweka mezani. Cha tatu: dai likipita, mlezi amemaliza kazi, na ataondoka kwenye kiti chake.

Nikasoma mara mbili. “Cha tatu aliandika nani?”

“Wazee wa mwanzo,” akasema Bwana Tunda. “Walikuwa na nia njema. Walisema isiwe mtu anakalia kiti hali kazi iliyomleta imekwisha.”

“Na tangu wakati huo, madai mangapi yamewekwa mezani?”

Akafikiri kwa uaminifu. “Bado,” akasema.

Viti vya Baraza vilikuwa thelathini na sita. Madai katika ile nyumba yalikuwa thelathini na sita. Hakuna mjumbe aliyekuwa mwovu. Kila mmoja alikuwa amepewa mgonjwa wa kumuuguza na kuambiwa siku akipona naye ataondoka hospitalini, kwa hiyo walikuwa wauguzi hodari sana, na wagonjwa hawaponi.

Nikaenda moja kwa moja kwa madobi nikawasomea vifungu vyote vitatu, kwa sauti, pale kwenye mapipa. Wengine walisema labda nimesoma vibaya. Mmoja alikasirika, akaniambia nisimchafulie mtu aliyemzikia mwenzao mume. Bi Sikudhani alikuwa anakunja shuka. Akalikunja mpaka likawa dogo kuliko kawaida, akalikunjua, akaanza tena.

“Mzee Karani,” akasema mwisho. “Sheria ya shukrani ya kufunga. Inamtoa mlezi?”

“Unamaanisha nini?”

“Mhudumu ni yeyote anayemhudumia mtu. Daktari yumo, mkunga yumo. Mlezi wa dai naye yumo?”

Nilikuwa na nakala ya sheria hiyo mfukoni, niliyopewa hospitalini. Nikaisoma pale pale, nikiwa nimesimama, mvuke ukinilowesha miwani. “Haimtoi,” nikasema. Halafu nikaelewa anachowaza, nikaogopa. “Lakini sikiliza, mama. Akinywa chai yako kabla hajaliweka dai mezani, si mlezi tena. Na dai lisilo na mlezi linatupwa siku hiyohiyo. Miaka kumi na minane yote. Yeye atachukua dai jingine changa, nyie hamtabaki na kitu.”

“Nimekusikia uliposoma.”

“Na mama yako?”

“Mama yangu nimebakiza nini cha kumpa? Wiki tatu.” Akaliweka shuka juu ya mengine. “Mheshimiwa ametulea vizuri. Sina la kumlaumu. Ila mtu akikushikia mzigo muda mrefu hivi, mkono unaganda. Lazima umpokee.”

Sherehe ilifanyika ndani ya ukumbi wa Baraza, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Dai lilikuwa limeletwa kwenye kiti chenye maua, mbele ya Spika. Mjadala ulianza, nami niliuandika wote. Nitatoa sehemu tu. Mjumbe wa kwanza alitaka kujua keki iwe ya ulezi au ya mchele. Mjumbe wa pili alisema suala la keki lisitumiwe kuficha jambo zito, kwamba dai la miaka kumi na minane limekomaa, na si heshima kuendelea kulilaza kitanda kilekile. Lipewe chumba chenye varanda. Wakapiga makofi. Mjumbe wa tatu alipendekeza Baraza lisimame dakika mbili kuwaheshimu madobi kwa uvumilivu wao. Mjumbe wa nne alisema dakika mbili ni chache, ni tusi kwa akina mama, akapendekeza tano. Wakajadiliana. Wakaafikiana tatu na nusu. Tukasimama. Akina mama wa zamu ya asubuhi walikuwa wamepewa ruhusa ya saa moja, na sehemu yake ya kumi na saba ikaenda pale.

Kisha Mheshimiwa Mkanga akainuka. Desturi ni kwamba dai likifika umri huo, mlezi huwauliza wenye dai swali moja: Je, mnaridhia liendelee kulelewa? Nao hujibu, Tunaridhia, tunashukuru. Akauliza. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu anayependa anaowauliza.

Bi Sikudhani akasimama na kikombe cha bati mkononi. Alikuwa amekuja nacho kwenye kikapu, na chupa ya chai. Akamimina mbele ya watu wote, akatembea mpaka kwa Mheshimiwa Mkanga, akampa.

“Tunashukuru,” akasema.

Kila mtu Tulizana anajua kikombe kile ni cha nini, watoto wanajua.

“Dai letu ulilipokea likiwa la juzi,” akaendelea. Hakuinua sauti. “Hukulikataa wakati wengine walilikataa. Ulimbeba mume wangu. Hapa tulipo wote kumi na tisa, hakuna ambaye hukuingia nyumbani kwake siku ya msiba. Tunakushukuru kwa moyo mmoja, Mheshimiwa, na hatuna kinyongo. Kunywa, tuachane kwa wema.”

Akajimiminia cha kwake, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa na mtumishi. Nilikuwa nimebana kalamu mpaka kidole kikafa ganzi. Nilijua, na Bwana Tunda alijua, na kwa kuwatazama nikaona kwamba wajumbe wote thelathini na sita walijua. Jirani yake Mheshimiwa Mkanga alimnong'oneza, nami nilikuwa karibu nikasikia: “Kunywa tu. Wapanda miti wameleta dai juzi, halina mlezi. Changa kabisa.”

Mheshimiwa Mkanga akakitazama kikombe.

“Kina sukari?” akauliza. Ndilo swali alilouliza.

“Vijiko viwili,” Bi Sikudhani akasema. “Kama unavyokunywa.”

Nafikiri ni vile vijiko viwili. Wengine wanasema ni mikono yake, kwa sababu alikuwa ameshika kikombe cha kwake kwa viganja vyote, na vifundo vile vilivyopasuka vilikuwa vinamtazama mlezi machoni. Sijui. Mheshimiwa Mkanga alikizungusha kikombe, chai ikitoa mvuke. Halafu akasema taratibu, akimwambia yeye peke yake kana kwamba sisi hatupo, “Sikudhani, mimi bila dai hili ni nani?”

“Ni Salehe,” akajibu. “Tunakujua.”

Akaweka kikombe pembeni bila kukinywa. Akaenda kwenye kile kiti cha maua, akainama, akalichukua dai kwa mikono miwili. Akatembea hatua sita. Nilizihesabu. Akaliweka mezani.

Spika hakujua afanye nini; Bwana Tunda ilibidi amfungulie ukurasa. “Wanaopinga?” Spika akauliza. Hakuna. Angepinga nani? Walikuwa wameliunga mkono kwa miaka kumi na minane, wana beji. Mjumbe mmoja akakohoa, watu wote wakamgeukia, akaomba radhi, akaeleza kwamba ni vumbi. “Dai limepita,” Spika akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mheshimiwa Mkanga akarudi kwenye kikombe chake. Chai ilikuwa bado ya moto. Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ni la kimahakama: jambo lililosubiriwa miaka kumi na minane lilimalizika kabla chai haijapoa. Akaketi mbele ya Bi Sikudhani, wakanywa mpaka chini, wakapeana mikono. “Tumeachana kwa wema,” wakasema. Na akina mama wale, ambao nilidhani watapiga vigelegele, walilia. Walimzunguka wakamshika mabega, na mmoja akamvua koti akasema lina doa, atamletea kesho. Nilikuwa nimekuja na nchi hii kooni kama mwiba, lakini pale nilijifuta uso kwa karatasi za kumbukumbu. Nilimshukuru mtu yule, na namshukuru mpaka leo. Kusema unawaunga mkono watu ni kazi nyepesi. Yeye alilipia kwa kiti chake, na hakukiomba kirudi.

Baraza halikutulia baada ya hapo. Wiki ileile wajumbe walianza kuja na chupa zao za chai kutoka nyumbani, na wakawa hawapokei kikombe cha mtu. Muswada ukaletwa wa kuzuia vinywaji vya moto ukumbini. Lakini nje, wafagiaji walikuwa wameshaanza kuzunguka na mabirika, na wachimba makaburi wananunua sukari. Mlezi wao, niliambiwa, alikuwa akipitia mlango wa nyuma.

Ijumaa, Mheshimiwa Mkanga, ambaye sasa alikuwa Bwana Mkanga tu, alitokea uani kwa madobi saa yake ileile. Hakuwa na mpiga picha. Alisimama mlangoni kama mtu aliyepotea njia, mikono ya shati imekunjwa kwa mazoea. Bi Sikudhani akamwonyesha pipa. Akasugua shuka lake, akakamua, akalipeleka kwenye kamba. Bi Sikudhani akalifuata akalinusa.

“Leo limesuuzika kidogo,” akasema. Akaliacha pale pale kwenye kamba.

Mshahara mpya ulianza wiki iliyofuata, na siku mbili baadaye Bibi Mwanakheri aliletwa kutoka Kingo, siku nne kabla ya ile waliyopanga kumpeleka nyumba ya wazee. Zamu yangu ya kushukuru ikafika Jumatano. Wagonjwa kumi na wanne walikuwa wamenitangulia, yule aliyeoa akiwa wa mwisho, na akaja na mkewe. Niliambiwa nifike saa tisa na nusu, nyumbani. Kutoka huko ningewahi lango, maana linafungwa magharibi, na mzigo wangu nilikuwa nao mkononi.

Ilikuwa nyumba ya chumba na ukumbi. Bibi Mwanakheri alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo, macho makali, akanikagua kuanzia viatu. Bi Sikudhani akaketi. Nadhani hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimewahi kumwona ameketi nje ya siku ile ukumbini. Nikammiminia chai. Nilikuwa nimetayarisha maneno: mashuka ya siku kumi, ule usafi, jinsi nilivyojiona bado ni mtu kwa sababu kuna mtu asiyenijua alihakikisha silali kwenye uchafu wangu. Nikayasema yote. Nilikuwa natazama kikombe changu, kwa sababu mambo hayo siyawezi nikimtazama mtu usoni.

Nilipoinua macho alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani, na kikombe chake hakijafika hata nusu. Jua la saa kumi lilikuwa limemwangukia miguuni.

Sheria ni mpaka chini. Nikasogea nimguse bega.

“Mwache,” Bibi Mwanakheri akasema. “Shukrani yako haitachacha.”

“Lango linafungwa magharibi, bibi.”

“Na kesho linafunguliwa.”

Nikaweka mzigo wangu chini. Nikachukua kile kikombe chake nikakifunika kwa kisahani, chai isipoe haraka. Bibi akanisogezea kigoda kwa fimbo yake, nikakaa.